Bao Ndani ya Kompyuta

Kijana mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, alitunga mchezo wa bao wa kompyuta kwa ajili ya rafiki zake. Mashimo 32 na kete 64 vimo vyote. Hata nyumba imepewa heshima yake. Lakini kwanza aliwapelekea maandishi matupu ya Python, nao, kwa kukosa chombo cha kuyafasiri, walitazama herufi wasicheze. Kosa hilo si dogo: mchezo usiofunguka kwa mwenzako ungali wako peke yako. Baadaye aliufungasha kwa programu ya PyInstaller, pamoja na chombo hicho na picha za kete, ukafunguka mara moja. Mwendo wake wapendeza, ingawa hauna kelele za barazani. Ila uliofungashiwa Windows haufunguki penye Linux. Rafiki mmoja angali akingoja.