Salamabila Kwenye Jedwali: Mji, Kijiji na Hesabu ya Kaya

Kulinganisha idadi ya watu na kaya za mjini na za vijijini ndani ya wilaya moja huonekana kuwa kazi ya kujumlisha na kugawanya, ilhali kabla ya tarakimu ya kwanza kuandikwa mchambuzi huwa amekwisha kuamua mambo matatu: mji unakomea wapi, kaya ni nini, na mtu mwenye malazi mahali pawili anaandikwa wapi. Kusini mwa jimbo la Maniema, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika wilaya za Kasongo na Kabambare, maamuzi hayo yana uzito kuliko hesabu yenyewe, na hayaonekani waziwazi popote kama Salamabila, makazi ya wilaya ya Kabambare yaliyokua kando ya dhahabu ya Namoya.

Kwa kulinganisha, katika wilaya ya Uingereza maamuzi hayo hufanywa mapema na kuchapishwa. Ofisi ya takwimu ya huko hugawa nchi katika maeneo madogo ya hesabu, kila moja likiwa na kaya zipatazo 125 kwa wastani, kisha hutazama eneo hilo limo katika makazi gani. Kwa mfumo uliotumika baada ya sensa ya 2011, eneo lililo ndani ya makazi ya watu 10,000 au zaidi ni la mjini, na yote yaliyobaki ni ya vijijini, wakazi wake wawe wakulima au makarani. Kaya ni mtu anayeishi peke yake, au watu, wawe ndugu au wasiwe, wanaoishi katika anwani moja na kutumia pamoja jiko na sebule au mahali pa kulia. Wastani wa watu kwa kaya kwa England na Wales ulikuwa 2.4 mwaka 2011, na ulibaki 2.4 mwaka 2021. Nyuma ya utulivu huo kuna anwani za nyumba, namba za posta na sensa inayorudiwa kila baada ya miaka 10, na Kabambare vyote vitatu vinakosekana.

Sensa ya mwisho ya watu wote wa Kongo ilichukua tarehe 1 Julai 1984 kuwa siku yake ya hesabu, wakati nchi ikiitwa Zaire na Maniema ikiwa bado sehemu ya Kivu, kwa maana haikuwa jimbo hadi mwaka 1988. Ilihesabu watu zaidi ya milioni 30. Fasili ya mji ambayo vitabu vya takwimu vya Umoja wa Mataifa vimeiandika kwa ajili ya Kongo ina sehemu mbili: kwanza, makazi ya watu 2,000 au zaidi ambayo shughuli yake kuu si kilimo, pili, makazi mseto yanayohesabiwa kuwa mji kwa sababu ya aina ya kazi za watu wake, ijapokuwa kwa ukubwa ni kijiji. Sehemu ya pili ni kana kwamba iliandikwa kwa ajili ya kambi za migodi. Makazi ya wachimbaji yanaweza kuwa mji kwa kipimo hicho hata kabla ya kufikisha watu 2,000, na hapohapo yanaweza kurudi kuwa kijiji dhahabu ikikauka na watu wakishika jembe.

Sheria ya nchi hupima kwa namna nyingine. Sheria Na. 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008, inayohusu maeneo ya utawala yaliyogatuliwa, yaani yale yenye mamlaka na bajeti yao wenyewe, inataja jiji kuwa makao makuu ya jimbo, au makazi ya watu wasiopungua 100,000 yenye huduma za pamoja, yaliyopewa hadhi hiyo kwa amri ya Waziri Mkuu. Nayo komuni ni makao makuu ya wilaya, au mgawanyo wa jiji, au makazi ya watu wasiopungua 20,000 yaliyopewa hadhi kwa amri kama hiyo. Hapa idadi ya watu peke yake haitoshi, kwa sababu watu wanaweza kuongezeka bila amri kutoka, na amri inaweza kutoka pasipo mtu kuhesabu upya.

Vipimo hivi vikiwekwa juu ya ramani ya kusini mwa Maniema, tofauti hujitokeza mara moja. Kasongo ina sifa ya mji tangu karne ya 19, ilipokuwa makao ya Tippu Tip na wafanyabiashara wengine wa Kiswahili na Kiarabu, hadi majeshi ya Dola Huru la Kongo yalipoiteka Aprili 1893. Leo ni makao makuu ya wilaya, kwa hiyo sheria inaitambua. Kabambare, iliyokuwa kituo cha misafara, inatambuliwa kwa sababu hiyohiyo ya ofisi ya msimamizi wa wilaya. Salamabila haina ofisi hiyo. Kinachoileta karibu na mji ni msongamano na kazi. Kinyume chake, wakazi wengi wa Kasongo huamka kwenda mashambani kwenye mpunga na mihogo, na mchambuzi akishikilia sharti la shughuli isiyo ya kilimo, baadhi ya mitaa ya mji huo mkongwe itatiliwa shaka kuliko mabanda ya wachimbaji. Kipimo cha tatu, kilichokubaliwa na Kamisheni ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa mwaka 2020, hakiulizi ofisi wala kazi: hugawa ardhi katika miraba ya kilomita moja ya mraba, na makazi yaliyoungana yenye watu angalau 300 kwa kilomita ya mraba na jumla ya watu 5,000 huondolewa katika kundi la vijijini. Kwa ulinganisho wa wilaya kama Kabambare hicho ndicho kipimo bora, kwa sababu hakingoji amri. Udhaifu wake ni kwamba kinataka idadi ya watu kwa kila mraba, nayo ndiyo haipo.

Pengo hilo kwa desturi huzibwa na makadirio. Mpangaji huchukua msingi wa zamani na kuukuza kwa asilimia 3 kila mwaka, kiwango kilichozoeleka katika mipango ya Kongo. Kwa miaka 40 hesabu hiyo huzidisha kila idadi kwa takriban 3.26. Kosa lake kubwa ni kwamba kijiji kilichohamwa na kambi iliyofurika hukua kwa kasi ileile kwenye karatasi, hivyo uwiano wa mjini na vijijini unaotoka mwisho ni uleule wa 1984, na jedwali linaloitwa la leo linaeleza Maniema ya siku ambazo uchimbaji mdogo wa dhahabu ulikuwa na umri wa miaka 2 tu tangu kuhalalishwa mwaka 1982. Uhamaji wote uliofuata, pamoja na vita vya miaka ya 1990 na mgodi wa viwanda wa kampuni ya Banro ulioanza uzalishaji wa kibiashara Namoya mwaka 2016 na kusimama mwaka 2019 kwa ukosefu wa usalama, hauonekani popote katika uwiano huo.

Baada ya mpaka wa mji huja kaya. Tafiti za Demografia na Afya zilizofanywa Kongo mwaka 2007 na 2013–2014 zilitumia fasili ya kimataifa: kaya ni watu, wawe na undugu au la, wanaoishi pamoja, wanaokula pamoja na kumtambua mmoja wao kuwa mkuu. Kwa maneno ya nyumbani, kaya ni wanaokula chungu kimoja. Fasili hiyo inatosha katika boma la mkulima wa Kabambare ambako mama mzazi, wanawe na wajukuu hula pamoja, lakini inapofika kwa mume wa wake wawili, kila mke na jiko lake, inamlazimu mhesabuji kuandika kaya mbili na kumweka mume katika moja tu. Kaya ya pili huandikwa kuwa inaongozwa na mwanamke, na jedwali la mwisho huonyesha wanawake wengi wakuu wa kaya, jambo ambalo msomaji wa mbali hulitafsiri kuwa ujane au utengano, wakati mume analala nyumba ya jirani. Kwenye machimbo hali hugeuka: vijana watano waliokodi chumba kimoja, kila mmoja akinunua chakula chake kwa mama ntilie, ni kaya tano chini ya bati moja, lakini wakichanga posho na kumlipa mpishi, wanakuwa kaya moja ya watu watano. Si ukubwa wa Salamabila uliobadilika hapo, bali ni mpango wa chakula.

Madhara yake yanaonekana vizuri katika ugawaji wa vyandarua. Shirika la Afya Duniani linashauri kupata idadi ya vyandarua vya kununuliwa kwa kugawa idadi ya watu kwa 1.8, ingawa lengo ni chandarua 1 kwa watu 2, kwa sababu kaya zenye idadi witiri huhitaji chandarua cha ziada. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, mtaa mmoja wa wachimbaji una kaya 100, ambapo 40 ni za mtu mmoja mmoja na 60 ni za watu 7. Jumla ni watu 460, wastani ni 4.6, na hakuna kaya hata moja yenye ukubwa unaokaribia wastani huo. Fomula inatoa vyandarua 256. Mgawaji akipita mlango kwa mlango atahitaji 40 kwa walio peke yao na 240 kwa familia, maana watu 7 huhitaji 4. Jumla ni 280, na kaya za mwisho zitabaki mikono mitupu. Mpangaji mwingine, asiye na hesabu ya watu ila ya milango, akichukua wastani wa vijijini, tuseme watu 6 kwa kaya, atapata watu 600 na vyandarua 333, na ziada ya 53 itafika sokoni. Makosa hayo mawili yanatoka katika mtaa uleule, moja likipunguza na jingine likizidisha, na chanzo chake ni kutumia wastani mahali ambapo kaya zimegawanyika katika makundi mawili yasiyofanana.

Swali la tatu, la mtu mwenye malazi mahali pawili, lina majibu mawili yanayokubalika. Waweza kuhesabiwa wakazi wa kawaida, au waliolala hapo usiku uliotangulia. Tafiti za Demografia na Afya huuliza yote mawili, na matokeo mengi hujengwa juu ya waliolala. Mchimbaji ambaye mke wake yuko kijijini Kabambare atatajwa na mke huyo kuwa mkazi, na atakutwa Salamabila kuwa mlalaji. Mwenye kuchanganya orodha mbili bila kuuliza swali lilelile pande zote humhesabu mara mbili, na mwezi wa kuhesabu nao huongeza tofauti, kwa kuwa Julai, mwezi uliochaguliwa mwaka 1984, ni kiangazi kusini mwa Maniema, na hesabu ya msimu wa mvua ingeweza kuwakuta watu mahali pengine. Hata hivyo tafiti hizo haziwezi kujibu swali la wilaya: ule wa 2013–2014 ulifikia kaya 18,171 nchini kote, na sampuli yake iliwekwa ili kutoa matokeo ya jimbo, ikitenganisha majiji, miji midogo na vijiji. Anayechota humo takwimu za Kabambare peke yake anazungumza kwa niaba ya vijiji vichache mno.

Orodha ya karibu zaidi na watu ni ya afya. Kabambare ina zoni za afya tatu, Kabambare, Lusangi na Saramabila, na Kasongo ina tatu pia, Kasongo, Kunda na Samba. Kila zoni imegawanyika katika maeneo ya afya, na wahudumu wa jamii, wanaoitwa reko, hupita nyumba kwa nyumba kabla ya kampeni. (Jina la makazi likiandikwa kwa l na la zoni kwa r, kompyuta huona mahali pawili, na safu hupotea kimyakimya wakati wa kuunganisha majedwali.) Eneo hili lina mfano wa kujivunia: katika miaka ya 1970 kikundi cha Mradi wa Kasongo, pamoja na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, kilifuatilia watoto kwa ukaribu uliowezesha kuchapishwa, mwaka 1981 katika jarida la The Lancet, uchambuzi wa chanjo ya surua na uhai wa watoto wa miezi 7 hadi 35. Utafiti wa namna hiyo hausimami bila rejista inayosema nani anaishi wapi na nani amehama. Udhaifu wa hesabu za kampeni ni mwingine: zinafanywa wakati kila mtu anajua kuna kitu kitagawiwa, hivyo kaya hugawanyika na watoto huongezeka. Watawala wa kikoloni wa Kibelgiji walikuwa na tatizo lililopinduka, kwa maana waliorodhesha wanaume wazima wenye nguvu kwa ajili ya kodi na kazi za lazima, na waliotakiwa kuhesabiwa walijificha.

Picha za setilaiti zimeleta njia nyingine, ambapo mapaa huhesabiwa na kila paa hukadiriwa watu kwa kulinganisha na sampuli iliyohesabiwa ardhini. Makadirio ya namna hii yaliyochapishwa mwaka 2022 kwa majimbo matano ya magharibi mwa Kongo, Kinshasa ikiwemo, yalitumia hesabu ndogo za 2017 na 2018. Kuyahamishia Salamabila moja kwa moja ni hatari, kwa sababu paa la mji wa machimbo laweza kufunika vijana watano au lisifunike mtu, hasa baada ya mapigano kati ya jeshi na kundi la wapiganaji la Mai-Mai Malaika yaliyowafukuza watu makwao. Paa huonyesha mahali, na hilo ni jambo kubwa. Watu wa ndani yake wanahitaji mhesabuji mwenye daftari.

Ulinganisho wa Kabambare unaofaa kutumika, basi, unaanza kwa kuitenga Salamabila katika safu yake yenyewe, isitiwe katika mji wa kiutawala wala katika vijiji. Unaonyesha mgawanyo wa kaya kwa ukubwa, mtu 1, watu 2 hadi 4, 5 hadi 7, na zaidi, badala ya wastani mmoja. Na unaandika chini ya jedwali mwezi wa hesabu na kama waliohesabiwa ni wakazi au walalaji. Jedwali lisilokuwa na mambo hayo lisitumiwe kugawa vyandarua, dawa wala walimu.