Mita Ijayo: Uhakiki wa Maumbo Mawili ya Baiskeli

Anza na shingo, pale uma wa mbele unapoingia kwenye fremu. Kwenye baiskeli ya mashindano ya barabarani shingo husimama kwa nyuzi 73 hivi kutoka ardhini. Kwenye baiskeli ya milimani ya siku hizi imelala hadi nyuzi 65, pengine chini ya hapo. Tofauti ya nyuzi nane huonekana ndogo dukani, sakafu ikiwa bapa. Lakini pembe hii husomwa mteremkoni, ambako baiskeli nzima huinamia mbele. Kwenye mteremko wa nyuzi 15, uma wa barabarani, ambao mahali tambarare ulikuwa umeegemea nyuma kwa nyuzi 17, hubakiwa na 2 tu. Umekaribia kuwa wima, gurudumu la mbele limerudi karibu na chini ya kifua cha mpandaji, na breki ya mbele ikibanwa kwa pupa mtu anapinduka. Uma wa milimani bado una nyuzi 10 za akiba. Aliyeulaza alikwisha kuuona mteremko huo kabla ya mpandaji kuufikia.

Ndiyo maana ubishi wa kuchagua kati ya baiskeli hizi, ambao kwa kawaida huanzia kwenye lami na kuishia kwenye vumbi, huniacha na kiu. Kwa msomaji wa fani, swali lenye tija zaidi ni kila umbo limekisia nini kuhusu mita ijayo. Baiskeli ya barabarani imeundwa kwa imani kwamba mita ijayo itafanana na hii. Ya milimani imeundwa kwa shaka, na shaka hiyo imo katika kila kiungo chake.

Tazama meno ya gia za nyuma. Katika mpangilio mmoja wa kawaida wa barabarani hupanda 11, 12, 13, 14, 15, 16, 17, jino mojamoja, kabla hatua hazijaanza kutanuka kuelekea 30. Katika mpangilio wa milimani mruko huanza mara moja: 10, 12, 14, 16, 18, kisha 21, 24, 28, hadi kufikia 50. Idadi ya gia ni ileile, 12, ila mizani imegawanywa kwa falsafa nyingine. Mfuatano wa kwanza umetungiwa mguu unaotaka kudumisha mapigo yaleyale kwa saa nne au tano, ukisahihishwa kwa jino moja upepo unapogeuka au barabara inapoinuka kidogo. Wa pili umetungiwa mguu ambao baada ya kona utakabiliana na ukuta wa udongo, ukiwa na pigo moja au mawili tu ya kujirekebisha. Hauna nafasi ya unyumbufu wa jino mojamoja, na ukiwekewa utakuwa pambo.

Mhakiki aliyelelewa na ubishi wa miaka ya 1970 kati ya wanamapokeo na wanamabadiliko wa ushairi wa Kiswahili atashawishika kusema kwamba barabara ni arudhi na mlima ni shairi huru. Ningemwomba asubiri. Kwenye lami yenye upana wa mita sita, anayeendesha peke yake anaweza kupita kushoto, katikati au kulia bila kupoteza chochote. Mashindanoni kinachombana ni watu, yaani kundi analojificha nyuma yake kuukimbia upepo. Kwenye njia ya mawe na mizizi, mstari unaopitika mara nyingi ni mmoja, mpana kama kiganja, na ardhi ndiyo inayousimamia. Huko mlimani, kunakosifiwa kwa uhuru, ndiko kanuni zinakokaza zaidi.

Imani ya barabarani ilifika kileleni, kwa maoni yangu, katika hatua ya nane ya Tour de France mwaka 2016. Chris Froome alichomoka juu ya Peyresourde, akashuka kwenye bomba la fremu mbele ya tandiko, kifua kikigusa usukani, akaendelea kukanyaga pedali katika mkao huo wa kuchekesha hadi Bagnères-de-Luchon, akashinda kwa sekunde 13. Mkao huo ulipigwa marufuku na UCI, chama cha baiskeli duniani, mwaka 2021. Usomeni kifani: mwili umekunjwa mahali pamoja, uzito wote umeegemea mbele, mikono haina nafasi ya kumeza mtikisiko wowote. Jiwe moja lingetosha kumwangusha. Aliyefanya hivyo si mgeni wa mlima. Alizaliwa Nairobi, akafundwa na David Kinjah akiwa kijana, kwa baiskeli za milimani, katika vilima vya Kikuyu. Naamini aliyeizoea shaka hujua vyema zaidi wapi anaweza kuiweka kando.

Umbo la milimani lenyewe lilianza kama usomaji upya wa kazi ya zamani. Mwezi Oktoba 1976, vijana wa Marin County, California, walianza kushindana kwenye mteremko uitwao Repack kwa baiskeli kuukuu za Schwinn, nzito, zenye shingo iliyolala na tairi nene. Breki ya kukanyaga pedali kinyume ilichemka hadi grisi ikateketea, na kila baada ya mbio kitovu kilijazwa upya. Mwaka 1977 Joe Breeze akaunda fremu mpya mahususi kwa kazi hiyo. (Shingo iliyolala hatukuisubiri kutoka California: baiskeli ya Black Mamba ya Kenya inayo, ingawa imeilazia gunia la mkaa na abiria.)

Je, mpandaji mmoja anaweza kumiliki dhana zote mbili? Pauline Ferrand-Prévot wa Ufaransa alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya milimani mwaka 2024, kwenye kilima cha Élancourt. Mwaka uliofuata akashinda Paris–Roubaix ya wanawake, na baadaye Tour de France Femmes. Mtiririko wa ushindi huo hauonyeshi kwamba maumbo haya ni sawa. Roubaix ni mbio za barabarani zinazopita kwenye mawe, mahali ambapo mita ijayo huisaliti imani ya umbo, na mikono iliyozoea shaka huvuna.

Na maumbo yenyewe yameanza kuazimana. Tairi za mashindano ya barabarani, zilizokuwa milimita 23, sasa ni 28 au 30. Rimu ya milimani iitwayo inchi 29 ina kipenyo cha milimita 622, sawasawa na ya barabarani. Kwa mwenye uwezo wa kununua moja tu, ningependekeza ya milimani isiyo na springi nyuma, kisha azinunulie rimu hizohizo jozi ya pili ya tairi, nyembamba na laini, za siku za lami. Hatamfikia mwenye baiskeli ya barabarani kwenye tambarare, na zile hatua pana za gia zitamkera kila upepo utakapogeuka. Lakini mikono itakuwa imeanza kusoma ardhi mapema, nayo miguu inaweza kujifunza mapigo yake baadaye.