Ufundi wa Kuliwahi Jua

Watu wengi hudhani kutembea hakuna cha kujifunza. Mtoto akisimama dede na kupiga hatua tatu, tunapiga makofi, basi, somo limekwisha. Mimi nasema kutembea ni ufundi kama useremala, na ukitaka kuwaona mafundi wake nenda Hispania ya kaskazini mwezi wa Julai, kwenye njia ya mahujaji iendayo Santiago de Compostela. Wengi huenda mwezi huo kwa kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yakobo ni tarehe 25 Julai. Laiti angekuwa somo wa Aprili!

Ukianzia Saint-Jean-Pied-de-Port, upande wa Ufaransa, ni kama kilomita 780. Milima ya Pyrenees ndiyo inayopigwa picha, lakini mtihani wenyewe uko kati ya Burgos na León, kwenye uwanda wa juu uitwao Meseta. Ni mashamba ya ngano tupu, na Julai mengi yameshavunwa, yamebaki mabua. Kutoka Carrión de los Condes hadi Calzadilla de la Cueza ni kilomita 17 bila kijiji hata kimoja, na kivuli ni cha kubahatisha. Unakanyaga barabara ya Warumi, na kokoto zake hazina huruma na nyayo.

Ufundi huanza gizani. Saa kumi na moja alfajiri, ndani ya bweni la mahujaji, fundi hawashi taa. Begi alilifunga jana; anatoka kwa ncha za vidole, viatu mkononi, anavivalia nje kwenye ngazi. Asiyejua ndiye utakayemsikia akichakura mifuko ya plastiki hadi bweni zima linaamka na kumlaani kwa lugha sita. Nje kuna baridi ya kutaka sweta, maana uwanda huo uko juu kama mita 800. Saa za Hispania nazo zimelitangulia jua: Julai linachomoza karibu saa moja, na joto halifiki kilele adhuhuri bali saa kumi, saa kumi na moja jioni. Aliyeondoka alfajiri ana saa saba hivi za hewa inayovumilika. Hesabu yote ya siku ni hiyo.

Ubaridi huo ndio unaowaponza wageni. Miguu ni mipya, njia ni tambarare, wanachapuka. Fundi anawaacha wapite. Mwendo wake wa saa ya kwanza ndio atakaokuwa nao saa ya tano. Njia inaelekea magharibi, kwa hiyo jua humjia kwa nyuma, kisha kushoto. Baada ya siku chache za Meseta utamjua hujaji kwa sikio la kushoto lililoungua na shavu la mguu wa kushoto lililoiva kuliko la kulia.

Nilimtazama mzee mmoja aliyeketi juu ya begi lake kando ya njia. Alivua viatu, akavua soksi, akafuta katikati ya vidole, kimoja kimoja, bila haraka. Kisha akapapasa kisigino kwa dole gumba, taratibu, mpaka akapata mahali palipokuwa pamepata moto kuliko pengine. Hapakuwa na lengelenge bado. Akabandika plasta hapohapo, akavaa soksi kavu, zile mbichi akazibana kwa pini nyuma ya begi zikauke akitembea. Vijana waliompita wakicheka tuliwakuta Calzadilla wakitafuta sindano.

Hekima hii si ngeni kwetu. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe kutoka Tabora hadi Bagamoyo karne ya 19 waliondoka alfajiri, kirangozi mbele, na jua lilipokuwa kali walikuwa wameshatua mizigo na kupiga kambi. Hujaji wa leo hushauriwa begi lisizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wake, na bado analalamika.

Mishale ya manjano, ambayo padri Elías Valiña wa O Cebreiro aliipaka njiani miaka ya 1980, hapa haina kazi kubwa: njia ni moja na imenyooka. Akili inakosa cha kushika, inaanza kudai kijiji. Calzadilla nayo imejificha bondeni, huioni mpaka uko juu yake. Kuacha kuitafuta ndiko kugumu kuliko malengelenge, na sijaona dawa yake zaidi ya kuhesabu hatua au tasbihi.

Ukienda, beba lita mbili za maji hata ukiambiwa kuna kibanda njiani. Ukifika Terradillos de los Templarios saa saba na bado una nguvu, usizisikilize; vua viatu, fua soksi, lala. Hadi Sahagún zimebaki kilomita 13, na hizo ni za kesho alfajiri.