Tope la Ziwa Bujuku

Wanaopanda mlima Rwenzori, Uganda, hurudi mjini Kasese na picha za barafu. Wachache sana wamerudi na tope, limefungwa kwenye vifuko vyenye namba, nami nashikilia kwamba hao wachache wameuelewa mlima huu kuliko wapandaji wengine wote.

Barafu yenyewe imepimwa vya kutosha. Mwaka 1906 Luigi Amedeo, wa ukoo wa kifalme wa Italia, alifika vilele vikuu akiwa na mpigapicha Vittorio Sella. Inakadiriwa kuwa wakati huo barafu ilifunika kama kilomita za mraba 6.5. Mwaka 1987 zilibaki takribani 2. Mwaka 2003 hazikutimia hata 1. Vipimo vya 2021 na 2022 vinataja 0.38. Takwimu hizo zinatosha kumhuzunisha mtu, lakini hazisemi lolote juu ya vijiumbe vilivyoishi kwa maji ya barafu hiyo. Vijiumbe havikupigwa picha na Sella. Vilikufa, vikazama, na maganda yao yakalala chini ya maziwa ya mlimani: Bujuku na Kitandara. Anayetaka habari zao hana budi kuzifuata huko chini.

Tope linajua mambo kwa sababu barafu ya mlimani haitulii. Huteleza polepole ikisaga mwamba chini yake, na unga wa mwamba huo hushuka na maji hadi ziwani. Ziwa linalopokea unga mwingi huwa na maji meupe-meupe yasiyopenywa na mwanga vizuri. Barafu ikirudi nyuma, unga hupungua, mwanga hushuka zaidi, na mwani unaopenda mwanga hupata nafasi ambayo haukuwa nayo. Haya yote hutua chini tabaka juu ya tabaka: kijivu cha mawe kikizidi, barafu ilikuwa na nguvu, weusi wa mabaki ya viumbe ukizidi, barafu ilikuwa mbali.

Kulitoa tope hilo bila kulivuruga ndipo ufundi unapoanza. Mwaka 1955 Daniel Livingstone wa Marekani, ambaye si yule mmisionari, alichapisha maelezo ya chombo chepesi ambacho mpaka leo wataalamu wa maziwa wanakiita kwa jina lake. Ni bomba lenye pistoni ndani. Bomba hushushwa hadi kwenye tope pistoni ikiwa mdomoni. Hapo pistoni hushikiliwa isisogee kwa waya unaotoka juu, kisha bomba pekee husukumwa chini. Tope huingia, na mvuto wa pistoni hulizuia lisidondoke wakati wa kupandishwa, kama dawa inavyokaa ndani ya sindano ya nesi. Unaweza kulifungua lote na kulibeba mgongoni, na hiyo ndiyo sifa yake kuu mahali ambapo hakuna gari wala punda anayeweza kufika.

Livingstone alikileta chombo hicho Rwenzori. Kutoka Ziwa Mahoma, karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, alipata tope la chini kabisa lenye umri wa miaka 14,700 hivi kwa kipimo cha radiokaboni, akalitangaza mwaka 1962. Kwa hiyo tope hilo lilipoanza kulala, barafu kubwa ya zamani ilikuwa imeshaondoka hapo Mahoma. Bomba moja la tope, tarehe moja, na historia ya mlima mzima ikapata msumari wa kuning'inizwa.

Lakini tope la zamani ni gumu, na kulishika si kazi sana. Kazi ni tope la juu, la miaka mia moja na hamsini iliyopita, ambalo ni laini mno. Mkono ukitikisika, miaka ya 1930 inachanganyika na ya 1980, na hakuna mashine duniani itakayoitenganisha tena. Ndiyo maana wenye kazi hii hawalibebi bomba zima kulishusha mlimani. Hulikata palepale kando ya ziwa, kwenye mvua ya Rwenzori ambayo haimhurumii mtu, kipande baada ya kipande, nusu sentimita au sentimita moja. Bomba hubaki limesimama wima, tope husukumwa kutoka chini, kisu hupita, kipande huingia kwenye kifuko, namba huandikwa. Vidole vimekufa ganzi na buti za mpira zimejaa maji ya kinamasi, lakini kipande cha arobaini hukatwa kwa uangalifu uleule wa kipande cha kwanza.

Umri wa vipande hivyo hutafutwa kwa risasi-210. Gesi ya radoni hutoka ardhini, huoza hewani na kuzaa risasi hiyo, ambayo hushuka na mvua hadi ziwani. Kila baada ya miaka 22 hivi nusu yake hutoweka, kwa hiyo kiasi kilichobaki katika kipande hueleza kililala hapo tangu lini. Baada ya karne moja na nusu haibaki ya kupimika. Hesabu inakwenda nyuma hadi zama za wavumbuzi kama Stanley, na hapo inakoma.

Kisha hufuata hadubini, na hapa ndipo ninapovua kofia. Dayatomu ni mwani wa seli moja unaojijengea ganda la silika, kitu cha jamii ya kioo. Tope huchemshwa katika peroksidi ya hidrojeni mpaka mabaki mengine yote yaliwe, maganda yabaki safi, yagandishwe juu ya kioo chembamba na kukuzwa mara elfu moja. Mtu anakaa na kuhesabu. Anapita mstari mmoja hadi mwisho, anashuka, anarudi, asije akahesabu ganda moja mara mbili. Ganda lililovunjika lina sheria yake: ama kitovu chake kinaonekana na linahesabiwa, ama hakionekani na linaachwa. Spishi mbili zinazofanana hutenganishwa kwa kuhesabu ni mistari mingapi imo ndani ya mikroni kumi za ganda. Anahesabu mia tatu, mia nne, kwa kipande kimoja. Na vipande vipo makumi. Hakuna anayempigia makofi.

Kwa njia hiyo Virginia Panizzo na wenzake, akiwemo Immaculate Ssemmanda wa Chuo Kikuu cha Makerere, walitoa mwaka 2008 kumbukumbu ya miaka 140 ya Ziwa Bujuku, wakionyesha jinsi uzalishaji wa viumbe vya majini ulivyobadilika katika ziwa ambalo hakuna anayelima wala kufua kando yake. Mwaka uliofuata James Russell, Hilde Eggermont, Richard Taylor na Dirk Verschuren walisoma tope la maziwa ya Rwenzori na kuona kuwa barafu ilianza kurudi nyuma mnamo miaka ya 1870. Picha za Sella, tunazozichukua kama mwanzo wa hadithi, zilipigwa mlima ukiwa umeshapoteza kwa zaidi ya miaka thelathini. Kamera haikuweza kuliona hilo. Tope liliweza.

Ninachokipenda zaidi kwao ni kusitasita. Tope linaweza kugeuka rangi kwa sababu ya maporomoko ya ardhi, au moto kama ule ulioteketeza nyika ya mlimani mwaka 2012. Kwa hiyo mchanga, kaboni na dayatomu lazima vitoe ushahidi unaopatana, na ziwa lisilo na barafu juu yake huitwa kama shahidi wa pembeni. Vivyo hivyo kuhusu mito. Katika miji ya Kasese na Bwera wapo wanaohofu kuwa barafu ikiisha mto Mubuku utakauka. Vipimo vya Taylor na wenzake vilionyesha kuwa maji ya barafu hayafiki hata asilimia 2 ya maji ya Mubuku chini mlimani. Mvua na vinamasi ndivyo vinavyoujaza mto huo. Anayebadilishiwa maisha ni yule mkazi wa ziwa la juu asiyeonekana kwa macho.

Kwenye bahari za ncha za dunia kanuni ni ileile, kwamba maji ya barafu hubadilisha maisha ya vijiumbe, ingawa matokeo yanapishana. Greenland, barafu inayoishia ndani ya bahari hutoa maji matamu kina kirefu chini. Yakipanda juu huyavuta maji ya chini yenye virutubisho, na dayatomu hustawi kiangazi chote. Barafu hiyohiyo ikirudi nchi kavu, maji yake huingia baharini kwa juu tu, yakiwa na tope, na karamu hupungua. Kwa hiyo kuuliza kama kuyeyuka kwa barafu ni neema au balaa kwa vijiumbe ni kuuliza nusu ya swali. Nusu nyingine ni maji hayo yanaingia wapi na yamebeba nini.

Tukirudi Rwenzori, hata juu ya barafu yenyewe kuna maisha. Mwaka 2014 Jun Uetake na wenzake kutoka Japani walieleza mabonge madogo ya kuvumwani waliyoyakuta juu ya barafu ya Mlima Stanley, yakiwa na joto zaidi ndani kuliko barafu inayoyabeba. Barafu ikiisha, makao hayo nayo yataisha.

Mabomba, kamba na boti ya mpira hupandishwa hadi Bujuku kwa mabega ya Wakonzo, wenyeji wa mlima huu, wanaojua ni bonge gani la nyasi litakushika na lipi litakumeza hadi kiunoni. Tope hushuka kwa mabega hayohayo, kisha hupanda ndege. Hiyo ndiyo dosari ya kazi hii nzuri: anayebeba haonyeshwi alichokibeba. Na kurekebisha si lazima kusubiri bajeti ya serikali. Dayatomu huonekana kwa hadubini ya shule inayokuza mara 400. Mwalimu wa biolojia wa Bwera, chukua mswaki wa zamani, sugua jiwe la mto Lhubiriha hadi utelezi wa kahawia utoke, weka tone moja chini ya lenzi, na uwaambie wanafunzi wahesabu. Wa Kasese, mto wenu ni Nyamwamba, na swali lenu ni zito zaidi, kwa kuwa shaba ya mgodi wa Kilembe imekwishaingia kwenye tope la Ziwa George.