Meno ya Kijana: Rula Inaona Nini, na Kijana Mwenyewe Anasema Nini?

Mwaka 1986, Naham Cons, Joanna Jenny na Frank Kohout wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walitoa kanuni ya kugeuza sura ya meno kuwa namba moja. Daktari huchunguza mambo kumi, yakiwemo meno ya mbele yasiyokuwepo, meno yaliyobanana, meno yaliyoachana, mwanya na meno ya juu yaliyotokeza. Kila jambo huzidishwa kwa uzito wake, yote hujumlishwa, kisha huongezwa 13. Jumla isiyozidi 25 inahesabiwa kuwa meno ya kawaida au yenye hitilafu ndogo. Kati ya 26 na 30 ni kasoro ya wazi, na tiba ni hiari. Kati ya 31 na 35 ni kasoro kubwa. 36 na kuendelea ni kubwa mno. Kanuni hiyo inaitwa DAI, na Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika mwongozo wake wa uchunguzi wa afya ya kinywa wa mwaka 1997.

Hesabu yenyewe ni nyepesi kuifuata. Achukuliwe msichana wa miaka 14, wa Tanga au Mombasa, mwenye mwanya wa milimita 3. Kila milimita ya mwanya ina uzito wa 3, kwa hiyo hapo ana alama 9. Anaongezewa 1 kwa sababu meno yake ya mbele yameachana. Meno ya juu yamepita ya chini kwa milimita 2, jambo la kawaida kabisa kwa binadamu, lakini kanuni huzidisha kwa 2, zinakuwa 4. Ukiongeza 13 za mwisho, jumla inafika 27. Kwenye fomu itaandikwa kwamba ana kasoro ya wazi. Nyumbani kwao, mwanya huohuo ndio shangazi zake wanaousifia kila wakipiga picha za harusi.

Rula haikukosea kupima milimita. Uzito wa kila milimita ndio uliotoka mahali fulani: watafiti wa Iowa waliwaonyesha raia wa kawaida wa Marekani picha 200 za meno ya namna mbalimbali, wakawauliza yapi yanakubalika machoni pa watu na yapi hayakubaliki. Majibu yakaingizwa kwenye takwimu, ndipo zikapatikana zile namba za kuzidishia. Ladha ya watu wa mahali pamoja, wa wakati mmoja, ikawa imekaa ndani ya kipimo kinachoonekana kama hesabu tupu.

Uingereza walipita njia inayofanana. Ruth Evans na William Shaw walikusanya picha za meno ya watoto 1,000 wa miaka 12, wakawapa waamuzi sita wasio madaktari wa meno wazipange kwa uzuri. Zikateuliwa picha kumi, kuanzia meno yanayopendeza zaidi hadi yanayopendeza kidogo kuliko yote. Ngazi hiyo ilichapishwa mwaka 1987, na miaka miwili baadaye Peter Brook na Shaw wakaifanya sehemu ya IOTN, kipimo kinachotumika Uingereza kuamua mtoto yupi atengenezewe meno kwa gharama ya huduma ya afya ya taifa. Hapa kuna hatua moja mbele: kijana anaweza kupewa zile picha kumi aonyeshe kwa kidole ipi inafanana na meno yake. Hata hivyo, anachoulizwa bado ni meno yakoje. Haulizwi anaishi nayo vipi.

Swali hilo la pili ndilo lililomshughulisha Ulrich Klages na wenzake wa Mainz, Ujerumani. Mwaka 2006 walitoa dodoso linaloitwa PIDAQ, lenye sentensi 23 ambazo mhojiwa hujibu kwa kuchagua kati ya 0, yaani sivyo kabisa, na 4, yaani ndivyo hasa. Waliwahoji vijana 194 wenye umri wa miaka 18 hadi 30. Sentensi hazitaji milimita wala jina la kasoro. Zinagusa mambo ambayo kijana huyafanya bila kumwambia mtu: kujizuia kucheka mbele ya asiowazoea, kukereka anapojitazama kwenye kioo, kuwaonea wivu wenye meno mazuri, kuhofia wengine watasema nini. Zipo pia za upande wa furaha, za mtu anayependa kuonyesha meno yake akitabasamu.

Ustadi wa kazi hiyo umo katika namna sentensi zilivyopangwa. Watafiti hawakukaa mezani wakaamua ipi iende wapi. Waliyachambua majibu kitakwimu waone sentensi zipi hupanda na kushuka pamoja kwa watu walewale. Yakajitokeza makundi manne: kujiamini kutokana na meno, sentensi 6, athari za kijamii, 8, athari za kisaikolojia, 6, na kutoridhishwa na sura ya meno, 3. Faida yake ni kubwa. Vijana wawili wanaweza kuwa na jumla moja, kumbe mmoja anaumia peke yake chumbani na mwingine anaumia darasani. Jumla ingewaficha, makundi yanawatenganisha.

Halafu dodoso likatiwa kwenye mtihani. Alama zake zililinganishwa na hali ya meno kama ilivyokadiriwa na vijana wenyewe na kama ilivyokadiriwa na wahoji, zikiwemo zile picha kumi za Uingereza. Alama zilibadilika kadiri hali ya meno ilivyobadilika. Hapo dodoso likapata haki ya kuaminiwa, kwa sababu lilikuwa linafuata kitu kilichopo mdomoni, na si kukamata huzuni ya jumla ya siku ile.

Lakini hao walikuwa watu wazima. Kijana wa miaka 13 hafikirii kama wa 25. Mwili wake unabadilika, rafiki zake ndio mahakama yake, na neno moja la kejeli shuleni linaweza kumkalia mwaka mzima. Kwa hiyo Klages na wenzake walilipima dodoso upya kwa vijana wa miaka 11 hadi 17, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Kazi ya namna hii haina mvuto magazetini, ila bila hiyo mtafiti anakuwa amempa mtoto mtihani wa mtu mzima kisha anashangaa majibu.

Kejeli za shuleni zina kumbukumbu zake katika utafiti. Shaw na wenzake waliandika mwaka 1980, kutokana na watoto wa shule wa Wales, kwamba meno ni miongoni mwa sehemu za mwili zinazotaniwa sana, na kwamba utani wa meno huuma kuliko mwingine. Huko Jordan, utafiti wa watoto 920 uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta asilimia 47 wameonewa na wenzao, na meno yakaongoza orodha ya yale waliyochokozwa nayo. Jadbinder Seehra na wenzake, Uingereza, waliwauliza watoto 336 wa miaka 10 hadi 14 waliokuwa wakisubiri matibabu ya mpangilio wa meno. Asilimia 12.8 walikuwa wakionewa.

Kundi hilo la mwisho lilifuatiliwa baada ya kuanza matibabu, na sehemu hii inastahili kusomwa polepole. Kati ya walioonewa, 27 walipatikana tena, na asilimia 78 yao walisema hawaonewi tena. Ni habari njema kwa kila mmoja wa watoto hao. Kama ushahidi, bado ina pengo: hapakuwa na kundi la watoto walioonewa ambao hawakutibiwa, ili ijulikane ni wangapi wangeachwa kwa amani kwa sababu tu wamekua, wamebadilisha shule, au aliyekuwa akiwasumbua amehama.

Watafiti wa Cardiff, Wales, walikuwa wameuona mtego huo mapema. Mwaka 1981 walianza kuwafuatilia watoto 1,018 wa miaka 11 na 12, waliotibiwa na wasiotibiwa. Miaka 20 baadaye waliweza kuwapata 337, wakiwa na miaka 31 na 32, wakapima meno yao, kujithamini kwao na ubora wa maisha yao. Waliotibiwa utotoni walikuwa na meno yaliyopangika vizuri zaidi na waliridhika nayo zaidi. Katika afya ya akili kwa ujumla, tiba haikuonyesha faida ya kudumu yenye uzito. Na wasiotibiwa hawakuwa wameharibikiwa kisaikolojia ukubwani. Ripoti ya mwaka 2007 haikuwapa nguvu waliozoea kuahidi kwamba nyaya za meno hujenga utu wa mtoto. Haikusema kwamba mtoto haumii. Funzo lake ni kwamba maumivu ya miaka 13 hayana budi kupimwa kwenye miaka 13, kwa kipimo kinachouliza kuhusu meno, badala ya kuyatafuta miongo miwili baadaye katika kujithamini ambako kazi, ndoa na riziki vimekwisha kuingia.

Dar es Salaam nayo imewahi kufanya kazi hii kwa Kiswahili. Matilda Mtaya na wenzake waliwahoji wanafunzi 1,601 wa shule za msingi za Kinondoni na Temeke, wengi wakiwa na miaka 13 hivi, wakitumia toleo fupi la Child-OIDP. Dodoso hilo lilitungwa Thailand, na linauliza kuhusu shughuli nane za kila siku: kula, kuzungumza, kusafisha kinywa, kulala, kutulia moyoni, kutabasamu, kufanya kazi za shule na kuwa na watu. Anayesema amepata shida huulizwa tatizo gani la kinywa ndilo lililoisababisha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Maswali yalikwenda pamoja kwa kiwango cha 0.77 katika kipimo cha Cronbach, ambacho hufika 1 yanapolingana kabisa. Asilimia 28.6 ya wanafunzi walikuwa na athari angalau moja. Kinondoni ilikuwa 18.5, Temeke zaidi ya 45.

Na shida zilizotajwa zaidi zilikuwa kula na kusafisha meno. Sababu zilizotajwa zaidi ni maumivu ya jino, vidonda vya mdomoni, na mkao wa meno. Mtoto anayeumwa jino hana nafasi ya kuwazia tabasamu. Kwa wanafunzi wa umri uleule, Mtaya na wenzake walikuta asilimia 63.8 wana hitilafu angalau moja ya mpangilio wa meno. Nchi ingepanga bajeti kwa kufuata rula peke yake, karibu watoto wawili kati ya watatu wangeonekana wana kasoro, huku wengi wao hawakutaja athari yoyote.

Kosa la upande wa pili linaonekana Arusha na maeneo yanayouzunguka Mlima Meru, ambako maji yana floraidi nyingi kuliko kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na vijana wengi wana meno ya kahawia. Katika mambo yote kumi ya DAI, rangi haimo. Kijana mwenye meno yaliyopangika barabara lakini yamebadilika rangi kiasi cha kufunika mdomo kwa kiganja akizungumza, rula itampa alama nzuri. Tangu mwaka 1993 palikuwa na utafiti uliochapishwa kuhusu namna madoa hayo yanavyogusa hali ya maisha ya watu wa huko, kwa hiyo hoja si mpya. Vifaa vipo: ngazi ya Thylstrup na Fejerskov, ya 0 hadi 9, kwa kiwango cha madoa, Child-OIDP ya Kiswahili kwa shughuli za kila siku, na maswali ya aina ya PIDAQ kwa yale ambayo kijana huyaficha, yakijaribiwa kwanza na wanafunzi wa huko wenyewe. Vikitumika pamoja, shule za Meru zikilinganishwa na za wilaya yenye maji salama, wazazi na halmashauri watapata takwimu za kudai maji yaliyochujwa floraidi kabla meno ya wadogo wa wanafunzi hao hayajaota.