Kidole, Mtutu na Sefti: Namna ya Kumpima Mlenga Shabaha

Wengi wanaofika mara ya kwanza kwenye mashindano ya bastola hukaza macho kwenye shabaha. Kuhesabu matundu kuna raha yake, lakini hakukwambii ni nani unayeweza kusimama karibu naye ukatulia. Hilo utalijua ukitazama mikono ya mshindani wakati risasi haitoki: anapochomoa bastola, anapokimbia huku ameishika, anapobadilisha magazini, na zaidi ya yote anapomaliza zamu yake. Mimi humpima mlenga shabaha hapo. Mwongozo huu ni wa yule mwenye leseni wa Kapsoit, Litein au Sotik ambaye amesikia habari za mchezo huu na anataka kujua aliye bora ni yupi kabla hajaingia uwanjani mwenyewe.

Mtu wa huku kwetu anayeutaka mchezo huu hufunga safari, apite Kericho na Nakuru hadi Kirigiti, Kiambu, ambako mashindano ya IDPA, tawi moja la mchezo huu nitakalolieleza hivi punde, hufanyika. Safari hiyo ina faida. Ukifika huko mara ya kwanza bila bastola kiunoni, ukiwa mtazamaji tu, utajifunza mengi kuliko ukiingia na haraka ya kushindana.

Mchezo wenyewe una matawi mawili makubwa duniani. IPSC iliundwa mwaka 1976 mjini Columbia, jimbo la Missouri, Marekani, na rais wake wa kwanza akawa Jeff Cooper. IDPA ilianza mwaka 1996, ikiwalenga watu wanaotaka kushindana kwa bastola na holsta za kawaida, zile mtu anazovaa kila siku. Matawi yote mawili yanampa mshindani sababu ya kuharakisha. IPSC hugawanya pointi kwa sekunde. IDPA huhesabu muda, na kila pointi uliyoipoteza kwenye shabaha hukuongezea sekunde 1. Mchezo unaokuhimiza ukimbie na silaha yenye risasi hauna budi kuwa na sheria kali, nazo ni kali kweli: kosa moja la usalama, na siku yako imekwisha hata kama ulikuwa unaongoza.

Msingi wa sheria hizo ni kanuni nne zinazohusishwa na Cooper mwenyewe. Ichukulie kila bunduki kuwa ina risasi. Usiuelekeze mtutu kwenye kitu ambacho huko tayari kukiharibu. Kidole kikae mbali na kifyatulio mpaka umelenga. Ujue unachokipiga na kilicho nyuma yake. Kila mtu uwanjani anaweza kuzikariri. Mjuzi hutafuta dalili kwamba zimeingia mwilini.

Anza na kidole. Mlenga shabaha aliyefunzwa vizuri hukinyoosha kidole chake cha shahada juu ya fremu, juu kabisa ya kile chuma kinachozunguka kifyatulio, na kukikandamiza hapo. Utakiona kimebandikwa kwenye chuma, kimenyooka, kuanzia hatua ya kwanza anayopiga mpaka anaposimama na kulenga tena. Asiyefunzwa vizuri hukiacha kikielea karibu na kifyatulio, au hukiegemeza mbele ya kile chuma, mahali ambapo mshtuko kidogo unakitelezesha ndani. Katika IPSC, kidole kikionekana ndani wakati wa kutembea, kujaza risasi, kutoa risasi au kurekebisha bastola iliyokwama, mtu huondolewa. Ofisa anayesimamia zamu anaruhusiwa kuonya kwa neno moja anapoona hatari inakuja, lakini mshindani mwenye daraja hahitaji neno hilo.

Kisha mtutu. Kipimo cha IPSC ni nyuzi 90: mdomo wa mtutu usigeuke kushoto wala kulia kupita hapo, ukihesabu kutoka uelekeo wa tuta la udongo lililo mbele. IDPA huweka mipaka ya mtutu kwa kila kituo. Hapa nakupa jambo la kutazama ambalo wageni hulikosa. Mtumia mkono wa kulia anapobadilisha magazini, huigeuza bastola ili tundu la magazini liuelekee mkono wa kushoto, na mdomo wa mtutu nao huvutika kushoto. Akiwa amesimama, hakuna shida. Akiwa anakimbia kuelekea kushoto, mwili wake tayari umegeukia huko, na kule kuvutika kidogo kunatosha kuupeleka mtutu nyuma, kwa watu. Aliye bora huzuia hilo kwa namna inayopendeza macho: miguu inakimbia kushoto, kiuno kimegeuka, lakini mikono na bastola vimebaki vikilitazama tuta kama vile havimo katika mbio hizo. Ukimwona mtu anayebadilisha magazini akikimbia upande huo, na mtutu haukutikisika hata kidogo, jua mtu huyo ametumia saa nyingi nyumbani na bastola isiyo na risasi.

Karani wa kituo cha kununulia majani ya chai huku kwetu haridhiki na yale yaliyo juu ya kikapu. Huzamisha mkono mpaka chini aone kama ni majani mawili na chipukizi hadi huko. Nawe usiridhike na mshindani anayeshika bastola kwa adabu wakati ofisa amesimama ubavuni mwake. Mtazame katika eneo la usalama, ile meza iliyotengwa ambapo mtu anaruhusiwa kuitoa bastola, kuifunga kiunoni na kuikagua bila kusimamiwa. Sheria ya hapo ni kwamba risasi haishikwi kabisa. IPSC inakataza hata zile bandia za mazoezi. Bastola zote uwanjani hukaa tupu mpaka mwenye zamu aamriwe kujaza. Mtu anayefika kwenye meza hiyo akaanza kwa kutoa magazini zenye risasi mfukoni ili apate nafasi, umeshamjua.

Sasa bastola yenyewe, maana kila mgeni huuliza kwanza ipi ina sefti nzuri. Jibu langu ni kwamba sefti hupimwa kwa kile inachozuia na kile isichozuia. Glock 17, iliyotoka Austria mwanzoni mwa miaka ya 1980, haina sefti ya kidole gumba. Ina kinga tatu za ndani: ulimi mdogo katikati ya kifyatulio, kizuizi cha pini, na kinga ya kuanguka. Zote tatu huachia kifyatulio kinapovutwa. Kwa hiyo Glock ikianguka haitarajiwi kulipuka, lakini kitu chochote kikikaza kifyatulio chake, kidole au kipande cha nguo, itafanya kilichoombwa. Tena kuifungua kwa usafi kunahitaji kuvuta kifyatulio, ndiyo maana mwenye Glock asiye na mazoea ya kukagua chemba, kwa jicho na kwa kidole, hapaswi kuifungua mbele yako.

Zile tunazoziita Ceska zina tabia nyingine. CZ 75, iliyobuniwa na ndugu wawili wa ukoo wa Koucký huko Chekoslovakia, ina nyundo inayoonekana na sefti kwenye fremu, na unaweza kuibeba ikiwa imekokiwa na sefti imefungwa. Toleo la zamani halina kizuizi cha pini. Toleo la 75 B linacho. Uzuri wa bunduki hii ni uzito wake na jinsi inavyokaa mkononi. Ugumu wake kwenye mashindano huja wakati wa kujiandaa. Katika daraja la bastola za kawaida za IPSC, bastola ya aina hii huanza nyundo ikiwa imeshuka yote. Kama bastola ina kitufe cha kushushia nyundo, kama ilivyo 75 BD, sheria inataka kitufe hicho pekee kitumike, bila kugusa kifyatulio. Kama haina, mtu huishusha kwa mkono, juu ya chemba yenye risasi. Hapo ndipo ninapokodoa macho. Aliye bora huielekeza bastola kwenye tuta, huishika nyundo kwa dole gumba na kidole cha mkono wa pili, huvuta kifyatulio kidogo tu mpaka nyundo iachie, hukiondoa kidole mara moja, kisha huisindikiza nyundo polepole mpaka chini. Kule kukiondoa kidole mapema ndiko kunakotofautisha mjuzi na mwigaji: kwenye bastola yenye kizuizi cha pini, kidole kikishatoka kizuizi hurudi, na nyundo ikiteleza pini haitafika kwenye risasi.

Ukitaka kupima sefti ya bastola iliyotumika kabla ya kuinunua, hakikisha ni tupu, ikoki, funga sefti, vuta kifyatulio kwa nguvu kisha uachie. Fungua sefti bila kugusa kifyatulio. Nyundo ikianguka hapo, bastola hiyo ni mbovu. Isipoanguka, irudishe nyundo nyuma polepole sana kwa dole gumba na utege sikio; ukisikia mlio mdogo wa vyuma vikikaa mahali pake, maana yake sefti iliruhusu vitu vya ndani visogee, na siku moja vitasogea zaidi. Kisha isukume nyundo iliyokokiwa kwa dole gumba kutoka nyuma. Haipaswi kukubali. Bastola ambayo kifyatulio chake kimelainishwa na mtu asiyejua mara nyingi hushindwa hapa. IPSC inaweka uzito wa chini wa kifyatulio katika daraja hilo la bastola za kawaida: kilo 2.27 kwa risasi ya kwanza, au kilo 1.36 kwa kila risasi. Kifyatulio chepesi kuliko hapo kina madaraja yake, na wenyewe. Anayeanza asikitamani, na kazi yoyote ya ndani aipeleke kwa fundi wa silaha mwenye leseni.

Hata kiwanda kikubwa hujifunza. Mwezi Agosti 2017, kampuni ya SIG Sauer ilitangaza mpango wa kurekebisha bastola zake aina ya P320 baada ya majaribio kuonyesha kwamba zikiangushwa kwa pembe fulani zinaweza kufyatua. Bastola hiyo ilikuwa imeuzwa na kusifiwa kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo usikubali sifa ya jina. Uliza toleo gani, na kama limefanyiwa marekebisho.

Holsta haihitaji maneno mengi. Ifunike kifyatulio chote, ibaki wazi bastola ikitoka, na isilegee. Ile ya ngozi laini iliyochakaa hukunja mdomo wake kwa ndani, na mkunjo huo unaweza kukisukuma kifyatulio wakati wa kurudisha. Ila watu wa nyanda za mvua, nisikilizeni vizuri. Sisi tumezoea kutoka na kabuti hata asubuhi jua likiwaka, kwa sababu alasiri ya Kericho haiaminiki. Kamba ya kiunoni ya kabuti, na kile kidude chake cha plastiki, huingia kwenye holsta pamoja na bastola na kukaa mbele ya kifyatulio pasipo wewe kujua. Zikate kamba hizo. Kisha mtazame mshindani anavyorudisha: aliye bora hulivuta vazi kando kwa mkono wa kushoto, huinamisha macho kwenye holsta, na kuitia bastola taratibu. Saa ilisimama kwenye risasi ya mwisho, kwa hiyo haraka ya kurudisha haimpi mtu chochote.

Na hapo tumefika kwenye dakika ninayoipenda kuliko zote, ya kutoa risasi. Mshindani amemaliza, anahema, anataka kujua muda wake. Ofisa anamwamuru atoe risasi na aonyeshe. Mpangilio ni mmoja: magazini itoke kwanza, kisha slaidi ivutwe nyuma, risasi ya chemba iruke, chemba itazamwe na watu wawili. Akivuta slaidi magazini ikiwa bado ndani, ametoa risasi moja na kuingiza nyingine, na akili yake inamwambia bastola ni tupu. Baada ya kukaguliwa, slaidi inarudishwa mbele, bastola inaelekezwa kwenye tuta na kifyatulio kinavutwa. Wengine huiona hatua hiyo kama desturi tu. Kazi yake ni kwamba, kama macho ya wote wawili yalidanganyika, risasi iliyosahaulika iingie udongoni mbele ya ofisa, isije ikaingia pajani mwa mtu kwenye maegesho. Mlenga shabaha wa kweli huifanya kwa saiti zikiwa zimelengwa, kana kwamba anajua risasi itatoka.

Angalia pia risasi ile ya mwisho inaporuka. Kuna wanaopenda kufunika tundu la slaidi kwa kiganja ili waidake kwa madaha. Risasi iliyozuiwa inaweza kugongwa kitako na kile chuma kinachoirusha nje, ikalipuka ikiwa nje ya chemba, ganda likapasukia kiganjani. Aliye bora huiacha ianguke, na huiokota baadaye.

Na bastola yenyewe ikianguka? Mkono wa binadamu hukimbilia kitu kinachoanguka, na mkono unaodaka bastola hewani hushika popote, pamoja na kifyatulio. Mshindani mzuri huuzuia mwili wake usitende. Huinua mikono, husimama, na kumwacha ofisa aiokote, aikague na kuitoa risasi. Zamu yake imekwisha hapo hapo kwa sheria, naye hukubali bila kubishana. Nimewaheshimu watu zaidi kwa tendo hilo kuliko kwa vikombe.

Ukienda Kirigiti, omba ruhusa utazame ukiwa nyuma ya kikosi cha washindani, ukiwa na miwani na vikinga masikio, kisha mpime na ofisa pia. Ofisa mzuri husimama upande wa mkono unaoshika bastola, karibu kiasi cha kuweza kuufikia, na macho yake hayaiachi bastola hata shabaha inapodondoka kwa kishindo. Hatangazi kwamba uwanja ni salama mpaka bastola imerudi kwenye holsta na mkono umeiachia. Ukiona ofisa anageuka kuhesabu matundu huku mshindani bado ameishika bastola, ondoka kwenye kikosi hicho, uombe kuwekwa kingine, hata kama huko utapangwa wa mwisho na kurudi Kapsoit usiku.