Njia ya Kuvukia Ruvuma: Sababu ya Daraja Kujengwa Mbali na Bahari

Msafiri aliyeko Mtwara mjini, akiwa na azma ya kuvuka kwenda Msumbiji kwa gari, hukabiliwa na njia mbili zisizofanana hata kidogo: moja yashika kusini moja kwa moja, ikakata mashamba ya mikorosho na minazi, na baada ya takriban kilomita 40 humfikisha Kilambo, ambako Mto Ruvuma umekwisha kuonja chumvi ya bahari, na ya pili humpeleka kinyume cha aendako, ikampitisha Mikindani, ikamfikisha Mnazi Mmoja jirani na Mingoyo, ikamgeuza magharibi kulifuata bonde la Lukuledi kupitia Ndanda hadi Masasi, kisha ikamteremsha kusini kwa Mangaka, na mwishowe, baada ya kilomita zaidi ya 300, ikamfikisha kwenye Daraja la Umoja pale Mtambaswala. Mtu wa pwani aonapo mzunguko huo hana budi kuuliza ni hekima gani iliyowafanya wakubwa waliache vuko la karibu, walilokuwa wakilijua mababu, wakaliweka daraja lao bara, mbali na bandari na mbali na watu wengi. Swali hilo ni la haki, na jibu lake halimo katika faili za wizara peke yake, bali limo katika mchanga wa mto, katika mipaka iliyochorwa Ulaya, na katika reli ambayo leo haipo tena.

Na tuanze na mto wenyewe. Ruvuma husafiri takriban kilomita 800 tangu nyanda za juu za Songea, na katika safari hiyo hubeba mchanga mwingi kupita kiasi, hata ufikapo karibu na bahari, pale maji yake yanaposukumwa nyuma na maji ya kujaa, hupoteza nguvu na kuutua mzigo wake wote. Hapo ndipo yazaliwapo mafungu ya mchanga na visiwa ambavyo mwaka huu vipo na mwaka kesho havipo, na mkondo mkuu uliokuwa ukipita upande wa kaskazini ukaonekana umehamia kusini baada ya masika moja nzito. Kandokando ya mlango wa mto imesimama mikoko katika tope, na nyuma ya mikoko limelala bonde pana la chini, zuri kwa kilimo cha mpunga, ambalo wakati wa mafuriko hugeuka kuwa sehemu ya mto.

Fundi wa madaraja hutaka mambo matatu kabla ya jambo lolote: ukingo mgumu usiomomonyoka, mkondo usiohamahama, na ardhi ya chini itakayoyapokea mashina ya nguzo pasi na kuzama. Mlangoni mwa Ruvuma yote matatu ni adimu. Hata kama nguzo zingechimbiwa chini sana mpaka zipate pa kushika, lingebaki suala la tuta la barabara katika bonde lile, kwa maana tuta refu likatizalo bonde la mafuriko huwa ni boma la kuzuia maji, na lisipotobolewa kwa makalvati na madaraja madogo mengi, maji hupanda juu yake yakalivunja, au hubaki upande wa juu yakayaozesha mashamba ya watu. Kwa hiyo daraja la Kilambo lisingekuwa daraja moja. Lingekuwa msururu wa madaraja, na gharama yake ingelingana na huo msururu.

Mashaka ya mahali hapo yamejulikana tangu zamani. Mwaka 1861 David Livingstone alijaribu kuupanda Ruvuma kwa meli ndogo ya mvuke, na maji yalipoanza kupungua ikamlazimu kurudi. Alipokuja tena mwaka 1866, akiwa na ngamia, nyati wa Kihindi, nyumbu na punda, alitaka kuwashusha mlangoni mwa mto, lakini mikoko na tope havikumpa pa kupitia, basi akaenda kushukia Mikindani mwezi wa Machi, akashika njia ya nchi kavu, akauandama mto kwa upande wa bara hadi Negomano, ng'ambo ya Mtambaswala, pale Mto Lugenda utokao Msumbiji unapokutana na Ruvuma. Ningependa msomaji ayaweke majina hayo mawili akilini, Mikindani na Negomano, kwani ndiyo miisho miwili ya barabara tunayoizungumza, na yalikuwa yamekwisha kuunganishwa kwa miguu ya watu na wanyama zaidi ya miaka 140 kabla ya daraja. Wala Livingstone hakuigundua njia. Aliongozwa na wenyeji katika njia za misafara zilizokuwapo, ambazo zilipeleka nguo na shanga bara na kuleta pembe, na, kwa huzuni ya kudumu, watumwa.

Baada yake ikaja siasa. Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno walipatana kuufanya Ruvuma kuwa mpaka wa himaya zao, na mwaka 1894 Wajerumani wakauvuka mpaka huo huo wakaitwaa Kionga, kijipande cha pwani kilicho kusini ya mlango wa mto, wapate kuzishika kingo zote mbili. Wareno wakakirudisha mwaka 1916 katika Vita Kuu ya Kwanza, na mkataba wa Versailles ukawathibitishia. Tangu hapo mto ukawa ukuta. Kila dola ilizielekeza njia zake kutoka bara kwenda kwenye bandari yake yenyewe, magharibi kwenda mashariki, na hakuna liwali wala gavana aliyeona faida ya kumjengea jirani yake njia ya kuchukulia mali. Wamakonde, ambao jamaa zao wako pande zote mbili, waliendelea kuvuka kwa mitumbwi, lakini ramani za barabara hazikuwahesabu.

Umbo la sasa la barabara ya kusini limetokana hasa na mradi wa karanga. Serikali ya Uingereza ilipouanzisha mwaka 1947 na kuichagua Nachingwea kuwa mojawapo ya mashamba yake makubwa, ilihitaji bandari ya maji ya kina na reli ya kuifikia. Reli ilianza kutoka Mkwaya, katika hori la Lindi, ikafuata bonde la Lukuledi, na baadaye ikaunganishwa na bandari mpya ya Mtwara, iliyofunguliwa katika miaka ya mwanzo ya 1950, ilhali mradi wenyewe ulikuwa umekwisha kuvunjika mwaka 1951. Mtwara ni mji uliopangwa kwa matarajio ya mazao ambayo hayakuja, na ndiyo sababu barabara zake za katikati ni pana mno kwa mji wa kadiri yake. Reli nayo, kwa kukosa mizigo, iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Lakini reli ikiondoka huacha urithi. Garimoshi haliwezi kupanda mwinuko mkali, kwa hiyo wapimaji walilazimika kuikwepa miinuko ya nyanda za juu za Makonde, ambazo karibu na Newala hufikia takriban mita 900 juu ya bahari na kisha huteremka ghafla kama zilizokatwa kwa shoka, wakalifuata bonde ambalo mwaka 1876 Askofu Edward Steere alilipita akitoka Lindi na kundi la watumwa walioachwa huru, aliowapeleka akawakalisha Masasi. Barabara ikafuata hoja ile ile. Kutoka Mtwara hadi Masasi kwa njia ya bonde ni takriban kilomita 200. Kwa njia ya juu, kupitia Tandahimba na Newala, ni 210. Umbali ni karibu mmoja, na njia ya juu ndiyo yenye korosho na watu wengi zaidi, tena mchanga wake hunywa maji upesi, sifa njema kwa barabara; lakini unywaji huo huo huifanya nchi ya juu kuwa kavu, na fundi anayeshindilia tabaka za barabara bila maji ya kutosha hujenga kitu kisichodumu. Basi njia ya bonde ikatangulia kupata lami kwa miongo mingi, na ya juu ikasubiri: kwanza zikapatikana zile kilomita 50 za Mtwara hadi Mnivata, na zile 160 zilizosalia hadi Masasi zikaachwa kwa awamu ya baadaye.

Lipo jambo jingine la bonde ambalo wasafiri hulitazama kila siku pasi na kulifikiria. Ukiikaribia Masasi utaona vilima vya mawe vikichomoka ardhini, vitupu, vyeusi kwa juu na vyenye michirizi ya maji. Huo ni mwamba mgumu wa kale, nao ndio utoao kokoto nzuri. Pwani hakuna kitu kama hicho. Kuna matumbawe na udongo laini, na jiwe la matumbawe, zuri mno kwa kuta za Mikindani na Kilwa, husagika likipitiwa na magurudumu ya malori. Kadiri barabara inavyoingia bara ndivyo inavyokaribia jiwe la kuijengea, na katika hesabu za mkandarasi gharama ya kusafirisha kokoto huweza kuamua mambo mengi.

Sasa tufike Mtambaswala. Fikra ya kuuvuka mto kwa daraja ilitajwa na Mwalimu Nyerere na Rais Samora Machel mwaka 1975, mwaka wa uhuru wa Msumbiji, lakini vita vya ndani vya nchi ile na umaskini wa zote mbili vikaiweka kando kwa miaka 30. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 2005 na Marais Benjamin Mkapa, mwenyeji wa wilaya ya Masasi, na Armando Guebuza; tarehe 12 Mei 2010 Guebuza na Jakaya Kikwete wakalifungua. Urefu wake ni mita 720. Anayelitazama mwezi wa Oktoba hushangaa, kwa kuwa nguzo nyingi husimama juu ya mchanga mkavu na maji hupita katika vijito ambavyo mtu mzima huweza kuvivuka kwa miguu. Na kwa hakika tarehe 25 Novemba 1917 jemadari Mjerumani Paul von Lettow-Vorbeck aliwavusha askari na wapagazi wake kwa miguu papo hapo Negomano, akaiangukia kambi ya Wareno. Lakini daraja halipimwi kwa maji ya Oktoba. Hupimwa kwa mafuriko makubwa yanayotarajiwa katika umri wake wote, na mchanga ule mkavu ni ushahidi wa upana ambao mto huudai wakati wa masika. Mahali hapo hapana maji kujaa na kupwa, hapana chumvi ya kula chuma ndani ya zege, na kingo zina nafasi ya kushikilia. Kwa upande wa ufundi, hukumu yangu ni kwamba walichagua sawa.

Walipokosea ni katika mpangilio wa kazi. Daraja lilikamilika ilhali barabara ya Mangaka hadi Mtambaswala, kilomita 65 na ushei, ilikuwa bado ya udongo, ikapata lami miaka kadhaa baadaye. Na upande wa Msumbiji, kutoka Negomano kwenda Mueda, magari yaliendelea kwa muda mrefu kuhangaika mchangani. Kisha, Oktoba 2017, machafuko ya Cabo Delgado yakaanza, na biashara iliyokuwa ikichipua ikadumaa. Kosa hilo hilo tulikuwa tumekwisha kuliona katika barabara ya kwenda Dar es Salaam, ambako Daraja la Mkapa juu ya Rufiji, lenye mita 970, lilifunguliwa mwaka 2003, lakini zile kilomita 60 za Ndundu hadi Somanga zikachukua takriban mwongo mmoja zaidi kupata lami, na abiria wa Mtwara wakawa wanalivuka daraja la fahari kisha wanakwama matopeni. Tena mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoipiga pwani hiyo, daraja kubwa lilisimama imara. Njia ilikatika kwenye vivuko vidogo vya Somanga. Mvua haiheshimu ukubwa wa daraja, huutafuta upenyo ulio dhaifu.

Udhaifu wa pili ni mizigo. Tangu makaa ya mawe ya Mbinga yaanze kuteremshwa kwa wingi hadi bandari ya Mtwara, na korosho zikiwa msimuni, njia ya bonde hubeba uzito ambao wajenzi wake wa awali hawakuuwazia. Majaribio makubwa yaliyofanywa Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950, yalionyesha kwamba madhara ya ekseli kwa barabara huongezeka takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wake. Maana yake, ekseli iliyoruhusiwa tani 10 ikibebeshwa 12, madhara huwa maradufu, ijapokuwa faida ya mwenye lori imeongezeka kwa sehemu moja ya tano tu. Mizani ya barabarani si usumbufu wa madereva, ni ulinzi wa mali ya umma, na afisa wa mizani anayefumba macho humwibia mkulima wa Ndanda barabara yake.

Na Kilambo? Kule pantoni huondoka kwa amri ya bahari. Maji yakipwa, mafungu ya mchanga hujitokeza na chombo hakina pa kupita. Magari hupangana ukingoni, bodaboda huteremsha magunia kivulini, na wenye mitumbwi huwachukua walio na haraka, hadi maji yajae. Daraja hapo bado ni jambo la gharama isiyostahimilika, nami sioni haya kusema hivyo kwa watu wa pwani ambao haki yao ya kuvuka ni kubwa kuliko ya mtu yeyote. Wanachostahili kupewa, na kinachowezekana kwa sehemu ndogo ya fedha za daraja, ni pantoni la pili lenye kina kifupi, gati zinazofuata kimo cha maji katika kingo zote mbili, na ratiba ya maji kujaa na kupwa iliyobandikwa stendi ya Mtwara kila wiki, ili mtu asitoke nyumbani alfajiri akaja kushinda ukingoni. Wahusika wa vivuko na barabara walitazame hilo katika bajeti ijayo.